Ukivunjika shingo, uloto nao unaumia

Kuna swali moja kila anayeuguza mtu aliyeumia uti wa mgongo ameshaulizwa, na sisi tuliulizwa tukiwa pembeni ya kitanda cha kaka yangu: "Hivi huko nyumbani usafi mnafanya kweli?" Aliyeuliza hakuwa na nia mbaya, ila ilikuwa nimonia ya pili ndani ya mwaka mmoja na kabla ya hapo UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, sijui ya ngapi, na mama alikuwa amesimama pale pale na beseni mkononi, mama ambaye ananawa mikono mpaka inachubuka, anabadilisha mashuka asubuhi na jioni, anaweka alamu ya simu usiku kucha ili amgeuze kila baada ya masaa mawili. Hakujibu kitu. Aliweka beseni chini akatoka nje.

Mi lile swali nalipinga mpaka leo. Usafi una maana, tena sana, ila swali lenyewe linachukulia kwamba mwili wa kaka ni mwili wa kawaida ambao miguu tu ndo imegoma, kwa hiyo akiugua lazima kuna mtu kazembea. Na huo ndo uelewa wetu karibu wote kuhusu haya majeraha, tukishaona kiti cha magurudumu tunajua tumeona ugonjwa wote. Wakati ushahidi uliopo, na haujaanza jana, unaonyesha jeraha la juu kwenye mgongo linavuruga mpaka kiwanda cha damu, yaani uloto, pamoja na askari wa kinga wanaozaliwa humo. Mimi nasema tuanze kulihesabu kama ugonjwa wa damu na kinga vilevile, na matibabu yapangwe hivyo.

Nadhani lugha nayo inatuponza kidogo hapa. Tukisema uti wa mgongo tunamaanisha zile pingili za mifupa, na tunamaanisha pia ule ugwe laini wa neva unaopita katikati yake, jina moja vitu viwili. Mtu akiambiwa "uti umevunjika" anawaza mfupa, anawaza vyuma na mkanda wa shingo, na kweli mfupa ukiwekwa vyuma unaunga. Ugwe ndo hauungi. Na huo ugwe haubebi amri za kutembea peke yake, unabeba na mambo ambayo hatuyawazi kabisa kwa sababu yanajiendesha yenyewe, presha, jasho, kibofu, utumbo, na hili ambalo ndo hoja yangu: lini seli za damu zitoke ndani ya mfupa ziingie kwenye mzunguko.

Tuanze na kiwanda basi. Uloto, wengine mnauita uboho, uko ndani ya nyonga, kidari, mbavu na hizo pingili zenyewe za mgongo. Humo ndo zinaishi seli shina za damu, ambazo James Till na Ernest McCulloch kule Toronto mwaka 1961 walichapisha vipimo vya panya vilivyofungua njia ya kuzijua, seli chache zinazoweza kujigawa na kuzaa aina zote za damu. Kasi ya hiki kiwanda inashangaza, chembe nyekundu karibu milioni 2 kila sekunde, na neutrofili, zile seli nyeupe zinazowahi kufika bakteria wakiingia, ni kama bilioni 100 kwa siku. Na neutrofili ikishatoka haikai sana, masaa mpaka siku chache imekwisha. Kwa hiyo hapa hamna cha kusema tutaishi kwa akiba ya mwezi uliopita, kinachotoka leo ndo kinachopigana leo, na mlango wa kutokea ukisumbua hata siku mbili tatu mwili unaanza kudaiwa.

Sasa nani anafungua huo mlango? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa homoni na kemikali za kwenye damu, basi. Halafu mwaka 2006 kundi la watafiti la Paul Frenette kule New York likaonyesha kwamba neva zinazoingia ndani ya mifupa zina sauti kubwa kwenye hili, na mwaka 2008 wakaonyesha kwamba utoaji wa seli shina una mapigo yake ya mchana na usiku, kama saa, na saa hiyo inajazwa na neva. Inavyoenda ni hivi. Ndani ya uloto kuna seli za kulea, ambazo zinatoa kemikali inaitwa CXCL12. Ichukulie kama sumaku. Seli shina na seli nyingi za kinga zina kipokezi kwenye ngozi yake kinaitwa CXCR4, hicho ndo chuma kinachovutwa. Sumaku ikiwa kali seli zinatulia ndani. Ncha za neva zikimwaga kemikali yake inayoitwa noradrenalini, zile seli za kulea zinapunguza sumaku, na seli zinateleza kwenda kwenye damu. Kila siku hivyo hivyo, unalala unaamka hujui lolote.

Na amri ya hizo neva inashuka kutoka kwenye ubongo kupitia ugwe, halafu inatokea ubavuni mwa ugwe kuanzia usawa wa pingili ya kwanza ya kifua mpaka pingili ya pili ya kiuno. Ukiumia shingoni maana yake vituo vyote vya eneo hilo bado vipo, vina uhai, vina waya wake mpaka kwenye mifupa na wengu na tezi zilizo juu ya figo, ila simu ya bosi imekatika. Wafanyakazi wapo kazini na hawajui wafanye nini, na baadaye nitaeleza kwamba wakikaa muda mrefu bila bosi wanaanza kujiamulia mambo.

Utafiti ulionifanya niandike hii makala ulitoka mwaka 2020 kwenye jarida la Nature Communications, umefanywa na maabara ya Phillip Popovich ya Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Mtu wa kawaida ungemuuliza kabla utakuta nini ndani ya uloto wa panya aliyeumizwa ugwe angesema utakuta mtupu, kiwanda kimezimika. Kumbe walikuta umejaa. Seli shina na wanawe wa karibu zilikuwa zinajigawa kupita kiasi, zimebanana mle ndani, na hazitoki. Wakawapa panya kichocheo kikali cha uvimbe, kitu ambacho kwa panya mzima kingezitoa seli nje kama watu wanaokimbia moto, bado hazikutoka. Kwenye damu ambako zinahitajika hazipo, kwenye mfupa ambako hazina kazi zimefurika. Mlango umekwama.

Hapo ndo inaingia dawa inaitwa pleriksafo, ambayo ina historia ya kuchekesha kidogo. Ilianza kuchunguzwa kama dawa ya kupambana na virusi vya ukimwi, maana baadhi ya hivyo virusi vinatumia hicho hicho kipokezi cha CXCR4 kuingilia kwenye seli. Huko haikufika mbali, ila watu waliopewa wakaonekana seli nyeupe na seli shina zinapanda kwenye damu, mtu mmoja mwenye akili akaona hiyo sio kero hiyo ndo dawa, na mwaka 2008 ikaruhusiwa Marekani kusaidia kuvuna seli shina za wagonjwa wa saratani za limfoma na mailoma. Kinachofanyika ni kwamba inakaa kwenye kipokezi, kile chuma kinafunikwa, sumaku haishiki tena. Wale panya wa Ohio wakapewa na kweli seli zikatoka.

Wengi wakisoma wanaishia hapo, na vichwa vya habari navyo vikaishia hapo hapo, kwamba mlango umepatiwa ufunguo. Mi naona sehemu nzito ni sentensi inayofuata ambayo haina raha. Walipozipima zile seli shina kwa kuzishindanisha na seli za panya wazima ndani ya mwili wa panya mwingine, nani atajenga damu upya kwa muda mrefu, seli kutoka kwa walioumia zilionekana bado zimepungukiwa uwezo hata baada ya kufunguliwa. Yaani kukwama mlangoni ni nusu ya tatizo, nusu ya pili seli zenyewe zimechoka. Na hii inaoana vizuri kabisa na kitu kilichochapishwa miaka 20 kabla yake, mwaka 2000, kwenye jarida la Blood, ambapo watafiti wa Norwei walichukua uloto wa binadamu, wagonjwa walioumia ugwe kikamilifu, wakaotesha seli zake maabara na zikaota kwa udhaifu mkubwa ukilinganisha na za watu wazima wa afya, na kinga yao nayo ilikuwa imeshuka. Panya na binadamu, miaka 20 katikati, wanaelekeza sehemu moja. Ndo maana watu wa Ohio walithubutu kuliita hili jambo kufeli kwa uloto kunakoletwa na jeraha.

Sasa najua kuna atakayesema, ndugu yangu acha kutafuta mchawi, mtu amelala kitandani hakohoi vizuri, ana mpira wa mkojo ambao ni barabara ya bakteria, ngozi imegandamizwa, unategemea asiugue? Hoja hiyo ni ya kweli na siibishii. Misuli ya kukohoa ikilegea makohozi yanabaki chini, mpira ni mpira, kidonda cha kulalia ni mlango wazi. Lakini kama hiyo ndo ingekuwa sababu yote basi kiwango cha kupooza kingetosha kueleza kila kitu, na hapa kuna jaribio la mwaka 2007 la maabara hiyo hiyo ya Ohio ambalo mi nalipenda sana kwa sababu ya urahisi wake. Panya wa kundi moja waliumizwa juu, pingili ya tatu ya kifua, wa kundi la pili wakaumizwa chini, pingili ya tisa. Makundi yote mawili miguu ya nyuma imepooza, wote wanaburuza, wote wanaishi kwenye vizimba. Ukiwaangalia kwa juu juu ni wagonjwa wa aina moja. Ila walipochokozwa ili watengeneze kingamwili, walioumia chini walitengeneza na walioumia juu walishindwa. Kupooza ni kule kule, tofauti ni urefu wa eneo la neva zinazojiendesha lililokatwa mawasiliano na ubongo. Uchafu wa kizimba hauwezi kuchagua pingili.

Na hapa ndo narudi kwa wale wafanyakazi wanaojiamulia. Ugwe chini ya jeraha haukai kimya milele, neva zake zinachipua, zinaunganishana ovyo ovyo, na baada ya wiki kadhaa zinakuwa na hasira ya ajabu. Kwa walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu inatokea ile hali ya presha kupaa ghafla. Nitaeleza nilivyoiona maana nadhani wengi wanaouguza wameiona bila kujua jina. Kaka alikuwa amekaa anaangalia mpira kwenye simu, mara akasema kichwa kinagonga. Nikamwangalia, uso umekuwa mwekundu, jasho linatiririka kwenye paji na shingoni, ila kuanzia kifuani kwenda chini mkavu kabisa na vinyweleo vimesimama kama mtu mwenye baridi. Kipimo cha presha kikasoma 168 juu, mtu ambaye kawaida yake ni 100. Tukamkalisha wima, tukalegeza mkanda, tukaanza kutafuta, na kosa lilikuwa dogo mpaka aibu, mpira wa mkojo ulikuwa umejikunja chini ya paja. Ulipofunguka mkojo ukashuka kwa kasi na dakika chache presha nayo ikashuka. Yeye kibofu hakukisikia hata kidogo. Ugwe wake ndo ulisikia, ukapiga kelele bila ubongo wa kuuambia tulia.

Presha ni hatari yake inayojulikana, inaweza kuleta hata kiharusi, na madaktari wanaifundisha. Kisichosemwa sana ni kwamba kila dhoruba ya aina hiyo inamwaga noradrenalini kwenye wengu na kuchochea homoni za msongo kama kotisoli, na seli za kinga zilizotulia kwenye wengu zinakufa. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwa panya kwamba dhoruba hizi zinavyozidi kujirudia ndivyo kinga inavyozidi kuporomoka, wiki kadhaa baada ya jeraha, wakati kila mtu anadhani hatari imepita. Mwaka 2016 watafiti walizinyamazisha, kwa panya, zile neva za ndani ya ugwe zinazounganisha neva nyingine na kukuza dhoruba, na kinga ikarudi. Mwaka 2021 wakatumia gabapentini, dawa ya siku nyingi tu ya maumivu ya neva, wakaianza mapema baada ya jeraha na mchipuo ule mbaya ukazuilika kwa panya. Usikimbilie kumpa mgonjwa wako kwa kusoma hapa, panya ni panya na dozi ni za daktari, ila angalau inaonyesha kuna kitu cha kushika.

Kwa hiyo ukiunganisha, mtu huyu anapigwa pande mbili, uloto unashindwa kutoa askari wapya na wengu unaua waliokwisha kutoka. Na bado hatujagusa mfupa wenyewe, ambao chini ya jeraha unapoteza madini kwa kasi hasa miaka miwili ya mwanzo mpaka mfupa wa karibu na goti unaweza kuvunjika wakati wa kumhamisha kutoka kitandani, nyumba ya uloto inabomoka na uloto umo ndani.

Madhara yake sio ya nadharia. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na jeraha la ugwe wa mgongo, na hatari yao ya kufa mapema ni mara 2 mpaka 5 ya wengine, na maambukizi kama nimonia yapo juu kabisa kwenye orodha ya kinachowaua. Halafu mwaka 2012 ilichapishwa kwenye jarida la Brain kwamba wagonjwa waliopata maambukizi kipindi cha mwanzo walirudisha uwezo mdogo wa neva kuliko ambao hawakupata. Isome tena hiyo. Nimonia ya wiki ya pili inaweza kukunyang'anya kidole ambacho kingerudi mwezi wa sita. Na sisi tulikuwa tunaichukulia kama usumbufu wa pembeni wakati "matibabu halisi" ni ya mgongo.

Tena kuna jambo linaniuma kila nikilifikiria. Kuanzia mwaka 1990 ulipotoka utafiti mkubwa wa Marekani, ikawa kawaida sehemu nyingi duniani mtu akiumia ugwe anamiminiwa steroidi ya methiliprednisoloni kwa dozi kubwa sana ili kupunguza uvimbe. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani ukasema isitumike, faida haijathibitika na madhara yapo, maambukizi yakiwemo. Siwalaumu waliokuwa wanatoa, walifuata kilichoonekana bora wakati huo, ila ukiitazama kwa jicho la uloto ni kama kumkuta mtu mlinzi wake amezimia halafu ukaona dawa ni kumfunga kamba.

Na wale wanaouza "tiba ya seli shina" nao nina neno nao. Tangazo linasema wanachota uloto wa mgonjwa mwenyewe nyongani, wanausafisha, wanamchoma mgongoni, atasimama. Kwanza mara nyingi seli wanazozungumzia ni zile za kulea, tofauti na seli shina za damu, na mgonjwa haambiwi tofauti. Pili, uloto unaochotwa ni wa nani? Ni wa mtu huyu huyu ambaye jeraha limeshauvuruga. Sijaona tangazo hata moja linalogusa hilo. Na yanayoweza kutokea yanajulikana, mwaka 2014 madaktari waliripoti kuhusu mwanamke aliyewekewa tishu ya pua kwenye ugwe nchini Ureno, miaka 8 baadaye wakamtoa uvimbe mgongoni uliokuwa unatoa ute kama kamasi. Seli zilifanya kazi yake kabisa, kazi ya pua.

Ningependa nini basi kifanyike, maana kulalamika ni rahisi. Chanjo za mafua na nimonia ziwe kitu cha kwanza kuulizwa, sio cha kukumbukwa mwaka wa tatu. Kila dhoruba ya presha ihesabiwe kama pigo kwenye kinga, hata ikipita ndani ya dakika tano na kila mtu akacheka. Kipimo cha damu kikisoma seli nyeupe "kawaida" daktari asifunge faili, kwa sababu kile kinahesabu seli zilizopo kwenye damu siku ya utulivu, hakipimi kama uloto ukiitwa kwa dharura utaitika. Na dawa za aina ya pleriksafo zijaribiwe kwa binadamu kwa utaratibu, taratibu, huku tukijua kabisa kwamba kufungua mlango hakutaziponya seli zilizochoka.

Sisi nyumbani tumeanza na daftari. Kaka hana homa ya kueleweka akiugua, mwili wake haushiki joto kama wa kwetu, na maumivu ya mkojo hayasikii, kwa hiyo tunaandika vitu vingine: tarehe, miguu imekakamaa zaidi ya jana au la, jasho limetoka juu ya mstari gani, mkojo una rangi gani, presha ya asubuhi ngapi. Mara ya mwisho tulipoenda, mama ndo alilishika, na kabla hajaulizwa chochote kuhusu usafi akalifungua juu ya meza ya daktari, akaweka kidole kwenye mstari wa Jumanne.